Uso wa Baba Chini ya Mguu wa Mikaeli

Baba yangu alikuwa Shetani wa kanisa letu. Sisemi hivyo kumtukana, wala si kwamba alikuwa na tabia mbaya. Tabia zake zilikuwa za kawaida: alipenda usingizi wa mchana na chai yenye sukari nyingi. Nasema alikuwa Shetani kwa sababu ukiingia kanisani kwetu, ukapiga goti, ukainua macho upande wa kushoto wa altare, ungemkuta Malaika Mkuu Mikaeli, mzungu wa nywele za dhahabu, amemkanyaga Ibilisi kifuani, na huyo Ibilisi alikuwa baba mwenyewe, na pengo lake la mbele na kovu lake juu ya nyusi. Kilichoongezwa ni pembe na mkia.

Mambo hayo yalifanyika kabla ya uhuru, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Baba alikuwa ametoka kwetu magharibi, upande wa Kakamega, akapata kazi ya bustani katika nyumba ya watawa huku Lavington, na sisi tukapanga chumba Kawangware. Mmoja wa wale masista alikuwa mama mzee wa Ulaya aliyekuja na rangi zake ndani ya sanduku la bati. Kanisa lililokuwa ng'ambo ya ua wa watawa alikuwa amelijaza picha mpaka pakabaki sehemu moja tu tupu, karibu na altare, na hapo alitaka kuweka Mikaeli akimshinda adui. Mikaeli alimpata bila taabu: kijana wa mlowezi mmoja aliyekuwa na kahawa Loresho, mrefu, shingo nyekundu, aliyetumwa na mama yake aje afanye jambo la dini angalau mara moja. Kazi ilikuwa kumpata Shetani.

Sista alianzia jikoni. Mpishi alikataa, akasema ana watoto. Askari wa lango alikataa pia, akasema mambo kama hayo hurudi yakamfuata mtu mpaka kwao. Alipofika kwa baba, baba alimuuliza swali moja tu.

"Huyo Shetani anasimama ama analala?"

Sista akamwambia Shetani analala chini, chali.

"Basi mimi niko tayari," baba akasema.

Sidhani katika Lavington yote ya siku zile palikuwa na mtu mwingine wa bustani aliyeruhusiwa kulala saa za kazi mbele ya mwajiri wake. Baba alitusimulia jambo hilo maisha yake yote, na kila mara alianza kucheka kabla hajafika mahali pa kuchekesha. Yule kijana wa Loresho alivishwa viatu vya kamba, shuka la kitanda, na bakuli la jikoni kichwani badala ya kofia ya chuma. Mkuki wake ulikuwa mpini wa reki. Aliweka mguu mmoja juu ya mbavu za baba, akainua mpini, akaambiwa asitikisike. Jua lilimchoma, jasho likamtiririka kutoka chini ya bakuli, mguu ukafa ganzi. Baba alikuwa amelala. Sista alilazimika kumwamsha mara kwa mara ili afungue macho na kuonekana ameshindwa.

"Mimi nililala," baba alikuwa akisema. "Malaika ndio aliumia."

Nimekuja kuliwaza jambo hilo nikiwa mtu mzima. Wakati ule vijana wa kizungu wa rika lile walikuwa wakizunguka na bunduki begani, wakiwasimamisha watu barabarani na kuwauliza vipande vyao vya kujitambulisha. Kwa hiyo Mwafrika kulala chini ya mguu wa kijana wa kizungu halikuwa jambo ambalo msanii angelazimika kulifikiria sana. Sista alihitaji kufungua dirisha tu. Lakini alikuwa na kipaji, hilo siwezi kumnyima. Malaika wake alitoka ameganda kama sanamu ya dukani. Shetani wake alikuwa mzima, mtu kabisa, na ukimtazama kwa muda ungeapa anapumua.

Maana ya picha zote zile nilifundishwa na katekista. Alikuwa mzee mkali, mwembamba, mwenye fimbo ndefu ya mwanzi, na Jumamosi mchana alitupitisha ukutani picha moja baada ya nyingine, akigonga kila kitu kwa ncha ya fimbo. Hakuna kilichochorwa bure, alisema. Yungiyungi mkononi mwa Yosefu ni usafi wa moyo. Funguo za Petro ni mamlaka. Mtakatifu Laurenti amebeba wavu wa chuma kwa kuwa alichomwa juu yake, na hapo wanaume waliokuwa wakisubiri watoto wao nje walichungulia dirishani na kumeza mate, maana wavu ule ulikuwa sawasawa na wa kuchomea nyama wa bucha la Kangemi walikokuwa wakienda baada ya Misa. Mtakatifu Agata alishika sahani yenye vitu viwili vya mviringo. Katekista hakuthubutu kuwaambia watoto kwamba ni matiti ya Agata, ambayo watesi wake walimkata. Alikohoa, akasema ni mikate. Kwa miaka mingi nilimwomba Agata atuletee mkate nyumbani, na siku moja moja aliuleta.

Halafu palikuwa na rangi. Nyeupe ni neema, alisema katekista, na nyeusi ni dhambi, naye mwenyewe alikuwa mweusi kuliko sufuria ya mama ya ugali. Picha ya Toharani, mahali roho zinaposafishwa kabla ya kuingia mbinguni, ilieleza jambo hilo vizuri zaidi kuliko yeye. Roho za chini kabisa, motoni, zilikuwa kahawia iliyokolea. Za katikati zilikuwa zimeanza kupauka. Kadiri zilivyopanda ndivyo zilivyozidi kuwa nyeupe, mpaka zile zilizofika juu mawinguni zilikuwa wazungu kamili, wengine na mashavu mekundu. Nilimuuliza mama kama shangazi yangu aliyekufa atatutambua tukifika. Mama alinifinya paja, maana tulikuwa katikati ya mahubiri.

Mwisho wa ziara yetu daima ulikuwa Mikaeli. Mizani aliyoishika mkono wa kushoto ni ya kupima roho, katekista alisema. Mimi niliiona ni ile ile ya duka letu la Kawangware, nikaamini kwamba hata mbinguni watu hupunjwa sukari. Mkuki ni neno la Mungu. Kisha fimbo ilishuka. Picha ilikuwa imetundikwa chini, ukingo wake wa chini ukifika kiunoni mwa mtu mzima, na katekista hakushindwa kumfikia Ibilisi vizuri.

"Na huyu," alisema, akimdunga tumboni, "huyu ndiye adui wa roho zetu."

Alimdunga kila Jumamosi, kila mwaka, kila darasa la komunyo ya kwanza, mpaka rangi ikatoka na tumbo la baba likabaki na doa jeupe la ukubwa wa sarafu. Wenzangu walinigeukia wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa baba mwenyewe alikuwa akicheka. Jumapili alikwenda kukaa benchi la mbele kabisa, chini ya picha yake, na wageni wa parokia walipokuwa wakitupa macho juu, kisha chini, kisha juu tena, aliwaitikia kwa kichwa kama mwenye duka anayekaribisha wateja. Alilifurahia jambo hilo kupita kiasi.

Mama hakulifurahia hata kidogo. Yeye alikuwa akiuza sukuma wiki na nyanya Kawangware, na wanawake wa kanisa waliokuja kununua walimwita Bibi ya Shetani. Walilisema kwa utani, na utani wenyewe ulirudiwa miaka na miaka. Wakati mmoja chama cha akina mama kilikuwa kikichagua mtu wa kubeba bendera ya Bikira Maria katika maandamano. Mama alikuwa amefanya kazi ya chama hicho kuliko wote: kufagia kanisa, kufua vitambaa vya altare, kukesha na wagonjwa. Jina lake lilipotajwa, mmoja akauliza itaonekanaje Shetani akiwa mbele ukutani na bibi yake akiingia mlangoni na Bikira. Wote wakaangua kicheko, bendera ikapewa mwingine. Mama alirudi nyumbani, akaketi kitandani bila kuvua viatu. Niliwachukia wanawake wale. Bado nawachukia kidogo, ingawa wengi wao wamekwisha kufa na huenda sasa ni weupe pepepe.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu ikawa na mambo mawili yasiyoweza kupatana. Mama alitaka uso ule ufutwe. Baba alitaka ubaki. Baba hakuwa mtu wa kugombana, lakini juu ya hilo alikuwa na maneno yake.

"Mimi sina nyumba ya mawe," alimwambia mama wakila. "Shamba ya nyumbani ni kidogo, ndugu zangu wameshakula nusu. Nikikufa, nani atajua nilipitia hii Nairobi? Lakini pale niko. Askofu akikuja, mimi ndio mtu wa kwanza anaona."

"Anaona Shetani," mama akasema.

"Anaona mimi."

"Enda studio upigwe picha kama watu wengine."

"Picha ya studio inakaa kwa sanduku. Ile yangu inakaa kanisani."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Nilimaliza shule, nikajifunza kupiga chapa, nikapata kazi ya ukarani mjini, na kila nilipokuja Kawangware mwisho wa juma niliwakuta palepale nilipowaacha.

Sista mchoraji alikuwa amekwisha kurudi kwao kitambo alipokuja padri mpya, katikati ya miaka ya sabini. Alikuwa kijana, Mwafrika, amesoma Roma, na joho lake la Misa lilikuwa la kitenge. Alileta ngoma na kayamba altareni, wazee wakanuna, kisha wakaanza kutikisa mabega. Jumapili yake ya pili au ya tatu aliacha mahubiri katikati, akageuka kushoto, akanyoosha kidole.

"Tumepata uhuru," alisema. "Bendera ni yetu. Na bado tunakuja hapa kupiga magoti mbele ya mzungu anayemkanyaga Mwafrika. Tazameni uso wa huyo mtu wa chini. Huyo ni nani kama si mimi na wewe?"

Kanisa zima likageuka kumtazama baba. Baba akalinyoosha koti lake.

Padri alikuwa na haki. Nilijua ana haki, na kama kanisani watu wangekuwa wakipiga makofi siku zile ningepiga. Nilikuwa nimekaa chini ya mguu ule tangu utotoni bila kuuliza kwa nini neema haifanani na mtu yeyote ninayemjua. Shida ni kwamba padri alizungumza juu ya Mwafrika, na pale ukutani hapakuwa na Mwafrika. Palikuwa na baba.

Baada ya Misa akaitisha mkutano papo hapo kwenye mabenchi. Alipendekeza Mikaeli apakwe upya awe Mwafrika, na Shetani apewe rangi isiyo ya taifa lolote. Kijani, kwa mfano. Watu wakakubali. Ndipo mama akasimama, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya mbele ya wanaume.

"Fadha, rangi peke yake haitoshi," akasema. "Hata hiyo uso itoke."

Padri akauliza kwa nini. Katekista akamnong'oneza sikioni. Padri akamtazama baba, akatazama picha, akamtazama baba tena.

"Mzee," akasema mwishowe, "kumbe ni wewe. Pole sana. Kanisa litakuondolea aibu hiyo."

"Aibu ya nani, Fadha?" baba akauliza. "Hii uso ni yangu. Mkinitoa pale, mnanipeleka wapi?"

Padri akamjibu kwa upole kwamba jina la kila mtu limeandikwa mbinguni. Baba akasema mbinguni hajawahi kufika, hajui kama wanaandika vizuri. Watu wakacheka, lakini uamuzi ukapita: uso ufutwe. Mchana ule mama alichinja kuku. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na mama aliichagua kwenye mchuzi akaiweka juu ya ugali wa baba kama ilivyo heshima. Baba alikula ugali, akala mchuzi, akanawa mikono. Firigisi aliiacha kwenye sahani. Mama aliitazama ikipoa, na sikuona furaha usoni mwake, ingawa alikuwa ameshinda.

Padri alikuwa akitafuta fundi, na mimi nilimjua mmoja. Karibu na ofisi yetu, nyuma ya River Road, palikuwa na mzee wa Mombasa aliyeandika vibao vya hoteli na maduka. Mkono wake ulikuwa haujui kutetemeka. Jioni alifundisha watoto Kurani katika chumba juu ya duka la vitambaa, na mchana alijaa rangi mpaka kwenye ndevu. Nilipomweleza kazi alitikisa kichwa.

"Mimi naandika herufi, mwanangu," alisema. "Herufi, kikombe cha chai, mkate wa boflo, hivyo nachora. Chenye roho sikichori. Siku ya mwisho nitaambiwa, haya, kipulizie uhai. Nitapuliza nini mie?"

Nikamwambia si kuchora, ni kubadili rangi tu. Picha yenyewe ilichorwa zamani na mtu mwingine. Akafikiri, akasema kubadili rangi hakuna neno, ukuta nao hubadilishwa rangi.

Alikuja kwa basi mpaka Westlands, akapanda jingine, akatembea kilichobaki, na makopo yake ya rangi mkononi. Baba, aliyekuwa bado na bustani ya watawa ng'ambo ya ua, alimwangalia kwa mbali siku ya kwanza kwa chuki. Siku ya pili alimletea chai. Kila mmoja aligundua kwamba mwenzake anaweka sukari mpaka kijiko kinasimama, na uadui hauwezi kuendelea baada ya jambo kama hilo. Saa ya sala ilipofika fundi alinawa kwenye bomba la bustani, akaswali kwenye nyasi ambazo baba alikuwa amezikata asubuhi, na baba akaketi kando akiwafukuza kuku wa masista wasimpite mbele.

Mikaeli akapakwa kahawia. Padri akaja kutazama, akakunja uso.

"Huyu bado ni mzungu," akasema. "Amekaa tu sana ufuoni. Mpe uso wa Mwafrika, mzee wangu: pua, midomo, nywele. Na yule wa chini mfute uso, abaki na pembe." Kisha akapanda gari lake kwenda semina ya mapadri nje ya mji, akasema atarudi kwa sikukuu ya Mikaeli mwisho wa Septemba, na picha ifunikwe shuka mpaka siku hiyo.

Nilipita Jumamosi ile nikawakuta wazee wawili wamekaa kwenye ngazi za kanisa na birika kati yao. Fundi alikuwa na huzuni ya kweli.

"Kufuta nafuta," aliniambia. "Kuumba uso mpya, siwezi, mwanangu. Hiyo siyo rangi tena. Sikukubaliana hivyo na Bwana Padri."

"Na mimi nakuomba usifute," baba akasema. Sauti yake ilinishangaza. Sikuwahi kumsikia baba akiomba kitu. "Niache tu hapo chini. Kijani si neno. Lakini niache."

"Aliyeniajiri ni padri, ndugu yangu."

"Mwenye uso ni mimi."

Fundi akajimiminia chai nyingine. Nikawaaga, nikaenda kumsaidia mama sokoni. Sikumweleza lolote, maana sikujua nitamweleza nini, na tena nilikuwa sijui ni nani kati yao ninayemtakia ashinde.

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa mpaka nje. Padri alikuwa amefika asubuhi ile ile na vumbi la safari, akavaa kitenge chake, ngoma zikapigwa. Mama alikuwa amevaa kitambaa kipya cha kichwa, naye hakukaa nyuma kama kawaida yake. Alikaa benchi la mbele, karibu na baba, aone mwenyewe. Padri akavuta shuka.

Juu alikuwa baba. Alikuwa na mabawa, mizani na mkuki, na chini ya kofia ya chuma ulikuwapo uso wake wote, kovu juu ya nyusi na pengo la mbele likionekana kati ya midomo iliyofunguka kidogo. Na chini ya mguu wake, kijani kama sukuma wiki, pembe kichwani na doa la fimbo tumboni, alikuwa baba.

Walio nyuma wakasimama wapate kuona. Kisha bibi mmoja mzee nyuma akatoa kicheko chembamba, na kanisa zima likafuata. Watoto walipanda juu ya mabenchi. Mpiga ngoma aliinamia ngoma yake akicheka mpaka machozi. Katekista alikuwa amesimama kando na mwanzi wake, ameuinua tayari kama alivyozoea, na niliiona ncha ikipanda, ikishuka, ikipanda tena, haijui imdunge yupi. Mama alijifunika uso kwa leso. Baba hakucheka. Alisimama, akasogea mpaka mbele kabisa, akatazama.

Fundi alikuwa nje akisubiri, na baada ya Misa padri alimwita sakristia, chumba cha nyuma ya altare. Mlango ulibaki wazi, kwa hiyo parokia nzima ilisikia.

"Uliniambia niweke uso wa Mwafrika," fundi alisema bila wasiwasi. "Humu ndani uso wa Mwafrika ni mmoja tu, na mwenyewe alikuwapo, akanipa ruhusa. Sikuumba kitu, Bwana Padri. Nimenakili kilichokuwapo."

"Na wa chini? Nilisema umfute."

"Nilikuwa nanakili kwake. Ningemfuta kwanza, ningenakili nini? Nilipomaliza wa juu, sikukuu ikawa imefika."

Padri aliketi juu ya sanduku la mishumaa. Nadhani alikuwa akitafuta hasira na haipati. Mwishowe alisema picha ibaki hivyo kwa muda, mpaka apatikane fundi mwingine. Fundi mwingine hakupatikana, wala sidhani alitafutwa. Padri alikuwa na akili. Katika Jumapili zilizofuata aliitumia picha ile kuhubiri juu ya mtu kujishinda mwenyewe, na watu walikuja kutoka Kangemi na hata Loresho kuiona.

Nyumbani siku ile mama alipika, akamwekea baba chakula, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Sasa umefurahi?" akamuuliza. "Umekuwa wawili."

Baba akatafuna polepole.

"Yule wa juu si mimi," akasema. "Mimi sijakanyaga mtu maisha yangu yote."

Lakini wa juu ndiye aliyebadilisha maisha ya mama. Utani ulifuata mabawa. Wanawake walewale wa sukuma wiki sasa walimwita Bibi ya Malaika, kwanza kwa kucheka, baadaye kwa mazoea, na Mei iliyofuata bendera ya Bikira Maria iliwekwa mikononi mwake bila mtu kupiga kura. Niliomba ruhusa kazini nikaja kumwona. Alitembea katikati ya barabara ya Lavington, kando ya nyua za matajiri, mgongo umenyooka, na walinzi wa malango wakamvulia kofia. Wageni walipokuja parokiani aliwaonyesha picha yeye mwenyewe, akielekeza kidole juu kabisa. "Yule ni bwana yangu," alisema. Baba, aliyekaa benchi lake chini ya picha, aliendelea kuwaitikia kwa kichwa.

Alikufa miaka michache baadaye, usingizini, mchana, baada ya chakula. Sijui mtu mwingine aliyekufa kifo kinachomfaa namna hiyo. Tulimpeleka Kakamega tukamzika kwenye kile kishamba ambacho ndugu zake walikuwa wamekila nusu, kukawa na kilio na ngoma na ng'ombe, na mama alisimama kaburini macho makavu kabisa, kama mtu anayengoja basi. Watu wa kwetu walimsengenya. Mimi nilimuogopa.

Tuliporudi Nairobi aliniambia nimsindikize kanisani. Ilikuwa siku ya kazi, mchana, hapakuwa na mtu ila katekista, mzee sana sasa, akipanga vitabu vya nyimbo. Mama alikuwa amebeba mshumaa mmoja ndani ya leso. Mishumaa ya Mikaeli huwekwa kwenye kinara kirefu, upande wa mabawa, ambapo moshi wake ulikuwa umeanza kutia weusi ile mizani. Mama alikipita kinara. Alipiga magoti chini kabisa, akawasha mshumaa, akadondosha nta kwenye sakafu, akausimamisha mbele ya yule wa kijani.

Katekista alikuja mbio kadiri miguu ilivyomruhusu, mwanzi mkononi.

"Mama, mama. Hapo sipo. Mshumaa ni wa Malaika. Huyo unamuwashia ni nani, unajua?"

"Huyo wa juu mimi simjui," mama akasema bila kugeuka. "Sijawahi kuishi na mtu anasimama namna hiyo. Bwana yangu ni huyu amelala."

Na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kwa Kiluhya, maneno yote ambayo hakuyasema kaburini, akimwita kwa jina la ukoo wake na kumuuliza ni nani sasa atakayemaliza sukari ya nyumba. Nilipiga magoti kando yake nikalia pia. Alipotulia alilowesha pembe ya leso kwa mate, akanyoosha mkono, akaanza kumpangusa tumboni, taratibu, pale palipotoka rangi. Katekista alimtazama kidogo. Kisha akauficha mwanzi nyuma ya mgongo wake.